Lenzi kuukuu sandukuni: Ipi ni mali, ipi ni chuma chakavu?

BUTE ni mji mdogo wa Wajir Kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Kabla ya nguzo za umeme kuanza kusimikwa katika miji ya aina hiyo, sherehe ya usiku iliangazwa kwa karabai, na mpiga picha aliyealikwa harusini alijua kwamba adui wake mkubwa hakuwa vumbi wala joto, bali giza.

Mpiga picha huyo, kama wenzake wengi wa miji midogo barani Afrika katika miaka ya 1970 na 1980, aghalabu alijipatia riziki kwa picha ndogo za vitambulisho na pasipoti. Leo simu ya mkononi imemnyang'anya kazi hiyo. Studio nyingi zimefungwa, wenyewe wamezeeka au kufariki, na kamera zao zimebaki katika masanduku ya bati, chini ya vitanda na juu ya makabati ya watoto na wajukuu.

Tuseme siku moja dalali anabisha hodi katika nyumba mojawapo ya hizo. Anaitazama kamera, anatikisa kichwa na kusema, "Mzee, siku hizi watu wanapiga picha kwa simu. Hiki ni chuma chakavu. Nitakupa Sh1,000 nikusaidie kuondoa uchafu nyumbani." Je, mwenye nyumba aipokee noti hiyo? Jibu la kweli ni kwamba huenda dalali anasema kweli, na huenda anaondoka na mali yenye bei ya ng'ombe kadhaa. Tofauti baina ya mambo hayo mawili imeandikwa kwa tarakimu ndogo kwenye ukingo wa lenzi, na makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji namna ya kuisoma.

Lenzi ya kasi ni ipi?

Kila lenzi ina tundu la kupitishia mwanga. Kadiri tundu linavyokuwa kubwa ndivyo mwanga mwingi unavyoifikia filamu, na ndivyo shata ya kamera inavyoweza kufunguka na kufumba haraka bila picha kuwa nyeusi. Ndiyo maana lenzi yenye tundu kubwa huitwa lenzi ya kasi.

Ukubwa wa tundu huandikwa kwa herufi "f" na tarakimu baada yake. Katika lenzi nyingi za zamani huandikwa kwa mfumo wa 1:1.4 au 1:2, kisha hufuata urefu wa lenzi kwa milimita, kwa mfano 50mm. Tarakimu hiyo hupatikana kwa kugawanya urefu wa lenzi kwa kipenyo cha tundu. Hivyo basi, lenzi ya milimita 50 yenye f/2 ina tundu la milimita 25, ilhali yenye f/1 ina tundu la milimita 50. Hapa ndipo wengi wanapokosea: tarakimu ndogo ndiyo yenye tundu kubwa, na aghalabu ndiyo yenye bei kubwa.

Mfano wa harusi utalifafanua jambo hili. Mojawapo ya kamera zilizopendwa sana na wapiga picha wa mitaani barani Afrika ni Yashica-Mat 124G ya Japani, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1970. Lenzi yake ina f/3.5. Tuseme kwamba kwa mwanga wa karabai lenzi hiyo inahitaji shata ifunguke kwa sehemu ya nane ya sekunde. Muda huo ni mrefu mno: mkono wa mpiga picha utatikisika, bi harusi atageuza shingo, na picha itatoka imefifia kama iliyopigwa katika moshi. Lenzi yenye f/1.2 hupitisha mwanga takriban mara nane zaidi. Kwa karabai ile ile, shata inaweza kufunguka kwa sehemu ya 60 ya sekunde tu, na sura ikatoka wazi.

Mpiga picha wa kijijini hakuwa na fedha za kununua lenzi kama hiyo. Yeye alitumia taa ya flashi. Na taa hiyo, pamoja na filamu zilizozidi kuboreshwa, ni miongoni mwa sababu zilizofanya lenzi za kasi kubwa zitengenezwe kwa uchache duniani kote. Wanunuzi wengi hawakuziona kuwa za lazima.

Mbio za watengenezaji

Mashindano ya kulishinda giza yana umri wa karne moja. Mwaka wa 1924 Ujerumani ilitoa kamera ya Ermanox yenye lenzi ya Ernostar ya f/2, iliyobuniwa na Ludwig Bertele. Mwandishi wa habari Erich Salomon alijipatia umaarufu kwa kuitumia ndani ya mahakama na mikutano ya wanasiasa bila ya kuwasha taa. Mwaka wa 1932 Bertele huyo huyo aliipatia kampuni ya Zeiss lenzi ya Sonnar ya milimita 50 yenye f/1.5.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Wajapani waliingia uwanjani kwa kishindo. Kampuni ya Zunow ilitoa lenzi ya f/1.1 mwaka wa 1953, na Nikon ikafuata na f/1.1 yake mwaka wa 1956. Mwaka wa 1961 Canon ilitoa lenzi ya milimita 50 yenye f/0.95 kwa ajili ya kamera ya Canon 7, ambayo wakusanyaji wameibandika jina la "lenzi ya ndoto".

Mwaka wa 1966 ulikuwa wa aina yake. Leica ya Ujerumani ilizindua Noctilux ya milimita 50 yenye f/1.2. Baadhi ya vioo vyake havikuwa na mbinuko wa duara kamili, na ilibidi visuguliwe kwa mashine iliyoongozwa na mkono wa fundi. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na ghali, na vioo vingi viliharibika kabla ya kukamilika. Utengenezaji wake ulisimamishwa katikati ya miaka ya 1970, baada ya lenzi zisizofika 2,000 kutoka kiwandani.

Mwaka huo huo wa 1966, Zeiss ilitengeneza lenzi 10 pekee za Planar za milimita 50 zenye f/0.7. Sita zilichukuliwa na shirika la anga la Marekani, NASA, lililotaka kupiga picha upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani. Tatu zilinunuliwa na mwelekezi wa sinema Stanley Kubrick, ambaye alizitumia katika sinema ya Barry Lyndon ya mwaka wa 1975 kurekodi watu walioketi chumbani kwa mwanga wa mishumaa tu. Moja ilibaki kwa Zeiss yenyewe.

Nikon nayo ilitoa Noct-Nikkor ya milimita 58 yenye f/1.2 mwaka wa 1977, ambayo kioo chake cha mbele pia kilisuguliwa kwa mkono. Kama jina lake linavyodokeza, ilikusudiwa kwa kazi ya usiku.

Kwa nini bei zimepanda?

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa simu ya kawaida leo inapiga picha usiku, nani anahitaji kioo cha mwaka wa 1961? Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni ya kiufundi. Kwa miaka mingi lenzi nyingi za zamani hazingeweza kufungwa katika kamera mpya. Mambo yalibadilika mwaka wa 2008 zilipoanza kuuzwa kamera za dijitali zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi mwanga, na zaidi mwaka wa 2013 Sony ilipotoa kamera za aina hiyo zenye kihisi kinacholingana na ukubwa wa filamu ya milimita 35. Kwa kuwa kamera hizo ni nyembamba, pete ya chuma ya bei nafuu inatosha kuunganisha karibu lenzi yoyote ya zamani. Ghafla vioo vilivyokuwa mapambo ya kabati vikawa tena zana za kazi.

Sababu ya pili ni ladha. Lenzi za kisasa zimekuwa safi kupita kiasi machoni pa baadhi ya wapiga picha na watengenezaji wa sinema. Wanatafuta kasoro za lenzi za kale: usuli unaozunguka kama kimbunga nyuma ya sura ya mtu, mwanga unaosambaa kama utando, rangi zilizopoa. Kasoro iliyomkosesha fundi wa zamani usingizi leo inalipiwa.

Sababu ya tatu ni uchache wenyewe. Mkusanyaji hanunui picha atakazopiga tu. Ananunua kitu ambacho jirani yake hana. Ndiyo maana historia ya mmiliki nayo ina bei. Mnamo Juni 2022, kamera ya Leica iliyokuwa ya Oskar Barnack, mhandisi aliyeibuni Leica, iliuzwa mnadani Ujerumani kwa euro milioni 14.4. Hiyo ni kamera wala si lenzi, na ni mojawapo ya chache za majaribio zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini inaonyesha soko hili linavyopima mambo: uchache kwanza, kisha historia, kisha hali ya kifaa.

Tupige hesabu bila tamaa

Hapa inafaa tuwe wakweli, maana matumaini ya uongo humwumiza mtu sawa na dalali mlaghai. Uwezekano wa kukuta Noctilux ya mwaka wa 1966 katika sanduku la bati Bute, Garissa au Mandera ni mdogo sana. Lenzi nyingi zilizobaki majumbani ni za kawaida, zilizotengenezwa kwa mamia ya maelfu au hata mamilioni.

Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 au f/2 iliyouzwa pamoja na kamera za Canon, Nikon, Pentax au Minolta kwa kawaida huuzwa kwa makumi ya dola. Daraja hilo la bei linajumuisha pia Helios 44-2 ya f/2 iliyofungwa katika kamera za Zenit za Umoja wa Kisovieti, hata kama ni maarufu mno kwa usuli wake wa kimbunga. Kwa kiwango cha takriban Sh130 kwa dola, lenzi ya dola 40 ni Sh5,200. Si utajiri, lakini ni zaidi ya mara tano ya ile noti ya dalali.

Lenzi za f/1.4 husimama juu kidogo, na zilizo safi huweza kupita dola 100. Yashica-Mat 124G nzima inayofanya kazi vizuri huweza kufika dola 200 au zaidi, ingawa lenzi yake si ya kasi. Kwa upande mwingine, Yashica Electro 35 ina lenzi nzuri ya f/1.7, lakini haibanduki kwenye kamera yake, kwa hiyo kasi hiyo haiiongezei thamani kubwa.

Bei hubadilika kabisa tarakimu inaposhuka hadi 1.2 na chini yake. "Lenzi ya ndoto" ya Canon huuzwa kwa dola elfu kadhaa, sawa na mamia ya maelfu ya shilingi. Noct-Nikkor nayo imo katika daraja hilo. Noctilux ya kwanza imepita euro 10,000 kwa mbali katika minada, kiasi kwamba Leica yenyewe iliamua kuitengeneza upya mwaka wa 2021. Lenzi mpya haikuiangusha ile ya kale, kwa sababu anayetafuta ya mwaka wa 1966 anatafuta mwaka huo hasa.

Kanuni fupi basi ni hii: tarakimu ya 1.8 na kuendelea, tarajia maelfu machache ya shilingi; 1.4, tarajia zaidi kidogo, 1.2, 1.1, 1.0 au 0.95, usiuze kabla ya kuuliza watu watatu wasiojuana.

Ukame una faida yake

Mambo mawili yanaweza kuwa sawa katika lenzi mbili, jina na tarakimu, na bado moja ikauzwa kwa robo ya bei ya nyingine. Kinachozitenganisha ni hali.

Adui mkuu wa kioo ni ukungu, yaani kuvu inayoota ndani ya lenzi na kutandaza nyuzi kama utando wa buibui. Kuvu hiyo hupenda unyevunyevu na giza. Ndiyo maana vifaa vilivyohifadhiwa Lamu, Mombasa au Unguja, miji yenye historia ndefu ya studio mashuhuri kama vile ya Bakor huko Lamu na ya Parekh huko Mombasa, viko hatarini zaidi. Ikiachwa kwa muda mrefu, kuvu huichimba tabaka nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, na alama yake haifutiki.

Hewa kavu ya Wajir haiipendezi kuvu. Kwa hakika, ukame unaowatesa wafugaji ndio unaoweza kuwa mlinzi wa kioo kilichosahauliwa sandukuni. Hata hivyo, kaskazini ina maadui wake. Vumbi laini hupenya kwenye nyuzi za pete ya kurekebishia umbali, ikasikika ikisaga kama mchanga. Joto nalo huyeyusha grisi, nayo ikatiririka hadi kwenye vibapa vya chuma vinavyofungua na kufunga tundu, vikanatana.

Kagua hivi

Soma maandishi yote ya ukingoni: jina la kampuni, tarakimu ya f, milimita na nambari ya utambulisho. Yaandike kwenye karatasi au yapige picha kwa simu.

Fungua tundu lote, kisha angaza tochi upande mmoja na utazame kupitia upande wa pili kwa pembe, si moja kwa moja. Tafuta nyuzi za kuvu, utando wa ukungu na mikwaruzo. Vumbi kidogo si neno. Karibu kila lenzi ya zamani inalo.

Zungusha pete zote mbili taratibu. Ya umbali iwe laini, na ya tundu ifanye vibapa vifunguke na kujifunga bila kukwama. Vikimeta kwa mafuta, vinahitaji fundi.

Usiifungue lenzi mwenyewe, na usifute kioo kwa ncha ya shati au kikoi. Punje moja ya mchanga chini ya kitambaa inatosha kuacha mkwaruzo wa kudumu. Mpulizio mwepesi wa hewa na brashi laini vinatosha.

Ukiona kioo kimegeuka rangi ya chai, usidhani kimeharibika. Baadhi ya lenzi za zamani, hasa za miaka ya 1950 hadi 1970, zilitengenezwa kwa kioo chenye thoriamu, madini yenye mnururisho mdogo, na kioo hicho hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Kuishika na kuitumia lenzi hiyo hakuhesabiwi kuwa hatari, mradi kioo kisivunjwe wala kusagwa. Rangi hiyo hupungua kwa mwanga wa jua, lakini tahadhari: lenzi iliyoachwa juani hukusanya miale na inaweza kuwasha moto. Kazi hiyo aachiwe anayeijua.

Aidha, tunza kila kilichokuja na lenzi: vifuniko, mfuko wa ngozi, boksi, hata risiti ya dukani. Kwa mkusanyaji, boksi lililochakaa lenye nambari inayolingana na ya lenzi ni ushahidi, na ushahidi una bei.

Jihadhari na vitu bandia. Kamera za Kisovieti za FED na Zorki, zilizoiga umbo la Leica, zimechongwa upya jina la Leica kwa maelfu na kuuzwa kwa wasiojua. Zikipakwa rangi ya dhahabu na kutiwa nembo za jeshi la Ujerumani, shaka iwe maradufu.

Mwisho, ukitafuta bei katika minada ya mtandaoni, usitazame bei ambazo wauzaji wanaitisha, maana mtu yeyote anaweza kuitisha chochote. Tazama orodha ya vilivyokwisha kuuzwa. Hiyo ndiyo bei halisi ya soko.

Usiuze kisanduku chote

Kuna jambo moja la kumalizia, nalo linahusu kile kinacholala pembeni ya lenzi katika sanduku lile lile. Dalali anapoondoka na kamera, mara nyingi huondoka pia na bahasha za negativu, kwa kuwa mwenye nyumba anaziona takataka. Hizo zisitoke ovyo.

Kisa cha Seydou Keïta wa Mali ni funzo. Alikuwa mpiga picha wa studio mjini Bamako, akiwapiga wateja wake kwa malipo ya kawaida. Katika miaka ya 1990 picha zake zilitambuliwa katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani na kupata bei kubwa. Alipofariki mwaka wa 2001, ulizuka mzozo wa kisheria kuhusu negativu zake. Katika mzozo huo hakuna aliyegombea kamera.

Lenzi ya f/1.8 ya mpiga picha wa Bute ina ndugu zake wanaofanana nayo kila pembe ya dunia, na ukiiuza leo unaweza kununua nyingine kesho. Lakini sura za wazee waliokaa mbele yake, watoto waliovalishwa nguo za Idi, na vijana waliopiga picha ya kuombea kitambulisho cha kwanza hazipatikani mnadani popote. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Orodhesha kilichomo sandukuni kabla ya mtu yeyote kukutajia bei. Kisha, ukiamua kuuza, uza kioo, na negativu zibaki nyumbani.